Kilo Ishirini za Mjomba Tomasi

Jumatatu, 6 Novemba 1978

Leo taifa limeniita. Redio haikutaja jina langu, maana redio ina mambo mengi, lakini ilisema kila mwenye nguvu ajitayarishe, na hapa Magomeni ya Kilosa mwenye nguvu anajulikana. Nduli kavamia Kagera. Bila mimi sioni vita hii itakwendaje.

Naandika haya kwenye daftari la kisomo cha watu wazima. Mwalimu alinipa nijifunze herufi. Herufi nazijua tangu darasa la tatu! La nne sikuliendea, sikuona wamebakiza nini cha kunifundisha. Siku moja watu watataka kujua shujaa alikuwa akiwaza nini. Watasoma humu.

Jioni nimepita kwa Mwinshehe muuza kahawa. Nikawasimulia tena habari zangu za vita ya Burma: mzinga mgongoni, mlima mbele, na mzungu majeruhi amekaa juu ya mzinga anasoma ramani. Wote kimya. Isipokuwa Lupakisyo. Huyu ni nyapara mstaafu wa gengi la reli, mtu wa Tukuyu, amekaa Kilosa miaka thelathini na bado hajajifunza kunyamaza. Akasema mwaka jana juu ya mzinga hapakuwa na mzungu. Nikamwambia mwaka jana nilikuwa na haraka. Watu wakacheka. Walimcheka yeye, nadhani.

Halafu likaja la jembe.

Kijana wake, Ulimboka, anamtaka mpwa wangu Natalia, binti wa dada Domina. Katika ukoo wetu neno la mwisho ni la mjomba. Upande wa mwanamume wanaleta jembe jipya, wanaliegemeza ukutani nje kwa mjomba. Mjomba akiliingiza ndani, binti kaposwa. Akiliacha, wasubiri. Jembe lao liko ukutani kwangu tangu mwezi uliopita. Mjomba anayeingiza jembe upesi huonekana ana njaa.

Sasa Ulimboka kajiandikisha mgambo. Wanaondoka na treni tarehe ishirini. Lupakisyo akaniuliza mbele ya watu wote: Bwana Tomasi, mtoto anakwenda vitani, jembe litaingia lini? Ningesema kesho, mambo yangeisha. Lakini kikombe kilikuwa mkononi na macho yote kwangu. Nikasema mpwa wangu hachukuliwi na mtu asiyemshinda mjomba wake kubeba mzigo. Kilo ishirini mgongoni, kutoka Magomeni mpaka kijiji cha Ulaya, kwa mguu! Akitangulia yeye, jembe linaingia. Nikitangulia mimi, linabaki nje mpaka vita iishe, na Lupakisyo ataniamkia shikamoo maisha yake yote.

Mwinshehe alimwaga kahawa.

Jumanne, 7 Novemba

Nimekwenda uwanjani kujiandikisha. Mkufunzi ni Afande Kasiani, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Akaniuliza umri. Thelathini na tisa, nikasema. Lupakisyo, ambaye hakuwa na shughuli yoyote pale, akauliza kwa nguvu: mtu wa thelathini na tisa leo, wakati wa Burma alikuwa na miaka mingapi? Wakahesabu kwa vidole. Wakapata mitano.

Nikawaambia nilianza mapema.

Afande hakucheka. Alisema kuniandika hawezi, ila Jumamosi ya tarehe kumi na nane kikosi kitatembea na mizigo mpaka Ulaya, na mwananchi mwenye moyo hazuiwi kufuata nyuma. Nyuma! Nimeichukua kama lugha ya kijeshi. Ulimboka atakuwa humo humo kikosini, kwa hiyo shindano letu limepata na refa wa serikali.

Kisha akasikia mimi ni fundi magodoro. Akaniagiza nishone mifuko ya turubai ya kubeba mgongoni, arobaini, yote saizi moja, ya kuingia kilo ishirini za mchanga. Kikosi kizima kitabeba mgongoni kazi ya mkono wangu. Kwa hesabu yangu, sasa mimi ni ofisa.

Alhamisi, 9 Novemba

Mfuko wa kwanza umekamilika. Nimeujaza mchanga wa mto Mkondoa. Nikavaa mikanda nikiwa nimekaa, nikasimama. Yaani, nilisimama kwa nia. Mwili ulibaki chini. Natalia akanishika mkono, akanivuta kama anang'oa muhogo.

Safari ya mazoezi: kutoka kwangu mpaka steshenini. Nilipumzika msikitini, ingawa mimi ni Mkatoliki. Nilipumzika kwa Mwinshehe. Nilipumzika kwenye ngazi za duka la ushirika, wakadhani nimekuja kupanga foleni ya sukari, nikawa wa sita. Nikaona si vibaya, nikasubiri. Sukari iliisha kwa wa tano.

Pale pale Ulimboka akapita mbio, gunia la mchanga mgongoni, na juu ya gunia kaweka kipande cha reli. Shikamoo mjomba, akasema, bila hata kuhema. Nilitaka kuitikia. Pumzi haikuwepo. Marahaba yangu ilitoka wakati yeye ameshafika steshenini, amegeuka, amenipita tena. Mwanamke aliyekuwa wa saba akadhani namwambia yeye. Akaniuliza nani kaniamkia.

Kurudi, mfuko aliubeba Natalia, kichwani, na ndoo ya maji mkononi. Hilo halihesabiki. Wanawake wana shingo zao za namna nyingine.

Ijumaa, 10 Novemba

Siwezi kugeuka. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Dada Domina kaja na mafuta ya nyonyo, akanisugua mgongo kama anasugua sufuria lililoungua. Akaniambia: Toma, ingiza jembe ndani uokoe mgongo wako. Nimemjibu kwamba dada, hili ni jambo la heshima. Akauliza heshima ya nani. Sikuelewa swali.

Natalia alikuwa pembeni anachambua sufi za godoro la mteja. Ili kumtuliza mama yake nikawasimulia nilivyovuka mto mkubwa wa Burma juu ya godoro la sufi, risasi zinapita hivi na hivi, mimi nimelala chali. Natalia akaniuliza kama ni kweli sufi inaelea. Nikamwambia sufi haijui kuzama, mwanangu! Ukishika mto wa sufi hata ukiwa huwezi kuogelea, unafika ng'ambo ungali unapiga hadithi. Na mimi kuogelea sijui, wala sijawahi kuhitaji.

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua. Mtoto msikivu.

Ndipo nikautazama ule mlima wa sufi mbele yake. Mweupe. Mwepesi. Ukiushindilia kwa mti unakuwa mgumu kama mchanga.

Mungu hamtupi askari wake.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimeshona mfuko wa pili, pacha wa ule wa kwanza. Ndani, sufi tupu. Kwa nje hata mama yangu mzazi asingeutofautisha. Nimeupima: kilo moja na nusu.

Kilosa nzima imenitazama nikiondoka asubuhi. Nilitangaza jana kwamba nakwenda Mikumi kwa mguu kufanya mazoezi kati ya tembo, maana tembo wa Mikumi wananifahamu. Mwaka wa hamsini na tisa mmoja aliniziba barabara, nikamkemea, akaomba radhi kwa mkonga. Nilipita Magomeni nimeinama, nikitoa sauti za mtu aliyebeba. Watoto walipiga makofi. Mwinshehe alinipa kahawa bila kudai pesa. Nikavuka mji, nikapinda kona, nikapanda lori la mkaa.

Dereva aliniuliza mfuko una nini. Nikasema siri ya serikali. Akanipisha mbele.

Jumapili, 12 Novemba

Mikumi. Naandika kwenye benchi la stesheni, na ningependa ukurasa huu usisomwe.

Asubuhi niliuweka mfuko chini ya mti, nikaenda kununua muhogo wa kuchemsha. Kurudi, nyani kaushika. Dume, mwenye uso wa karani. Nilimkemea kwa namna ile ile niliyomkemea tembo. Akautazama mfuko, akautupa begani kama kanga, akapanda mti. Akapanda mpaka juu kabisa! Akakaa huko kwenye tawi la ukubwa wa kidole gumba, mfuko kichwani, anajipepea.

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Lupakisyo. Amekuja na treni kumwona ndugu yake wa reli. Kati ya stesheni zote za nchi hii!

Alimtazama nyani. Akanitazama mimi. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, kwamba ule si mfuko wa kilo ishirini?

Ndiyo, nikasema. Nyani wa huku wana nguvu sana. Ni maji ya Mikumi.

Akasema mh. Akasema basi Afande angewaandikisha wale.

Nyani alipochoka aliudondosha. Mfuko ulishuka polepole, unageuka geuka, unamsalimia kila mtu njiani. Ulipofika chini haukutoa sauti. Nikatoa mimi. Nikasema puh!

Nimerudi Kilosa kwa treni, behewa moja na Lupakisyo. Hakusema neno njia nzima. Ni mara ya kwanza kumwona ananyamaza, na sikuipenda.

Jumanne, 14 Novemba

Habari imefika kila mahali. Nikipita, watu wanajikuna makwapa. Mwinshehe kaniuliza kama kahawa niletewe juu ya mti.

Mchana Natalia amekuja peke yake. Alipiga magoti kuniamkia, kisha hakusimama. Akasema mjomba, mimi sijaja kwa utani. Akasema Ulimboka anaondoka Jumatatu. Akirudi salama atanikuta, na asiporudi nitakuwa sikuwa chochote kwake, hata kulia sitakuwa na haki ya kulia mbele za watu. Akasema jembe lile ni mikono miwili tu, mjomba. Kulishika na kuliingiza.

Nilitoka nje. Nalisema hili kweli. Nilitoka, nikalitazama jembe. Kuku walikuwa wamelala chini yake. Nikanyoosha mkono.

Wakati huo huo Lupakisyo anapita barabarani na baiskeli. Akapiga kengele. Akasema habari za nyumbani, Bwana Tomasi, na shemeji wa Mikumi hajambo?

Mkono ukarudi mfukoni wenyewe.

Nimemwambia Natalia jeshi ni jeshi, na neno la mjomba limeshatoka. Alisimama, akajifuta magoti. Hakulia. Akaniuliza jambo moja tu: hiyo Jumamosi, mnavuka mto Miyombo darajani? Nikamwambia ndiyo, darajani, barabara ni hiyo moja. Akasema asante mjomba. Akaondoka.

Namwonea fahari. Hata katika huzuni anafikiria usalama wangu.

Ijumaa, 17 Novemba

Leo kupima mizigo, kwenye mizani ya ghala la pamba. Lupakisyo alikuja mapema, akasimama karibu na mizani kama yeye ndiye jiwe lake. Mimi nikatoa mfuko wa kwanza, wa mchanga halali wa Mkondoa. Kilo ishirini na robo! Robo nilimzawadia Afande. Lupakisyo aliubonyeza, akaunusa, akauinua mwenyewe akaguna. Uso ulimshuka. Ningekuwa na picha yake ningeitundika.

Afande kashona kila mdomo wa mfuko kwa uzi mwekundu, mafundo mawili, mtu asiufungue. Kisha kila mtu achukue mzigo wake nyumbani. Uzi mwekundu! Mwanajeshi anamshonea uzi fundi magodoro wa miaka thelathini! Nilikuwa bado sijavua kofia nyumbani na ule mfuko wa sufi tayari una uzi mwekundu, mafundo mawili, tena mazuri kuliko yake. Mchanga nimeumwaga nyuma ya choo.

Natalia alipita kuchukua masufuria. Akina mama wanaompikia Afande na kikosi wamemchukua asaidie, na kesho watatangulia na lori kupika uji njiani. Alilitazama lile tuta jipya la mchanga nyuma ya choo. Nikamwambia ni mchwa. Akasema ndiyo mjomba, mchwa wa mwaka huu wamezidi.

Usingizi utakuwa mtamu leo. Jembe linalala nje tena.

Jumamosi, 18 Novemba

Kwanza yaliyo mazuri. Tuliondoka alfajiri, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kilosa mzee, samahani, mtu wa makamo, aliongoza vijana arobaini. Niliimba. Wao wanahema, mimi naimba! Ulimboka alikuwa nyuma yangu hatua mbili, jasho linamwagika, na bado akaniuliza kama mjomba nahitaji kupokewa. Nikamwambia apokee kwanza mgongo wake. Lupakisyo alifuata kwa baiskeli.

Nilijiona kabisa nimeshafika Ulaya. Nilikuwa natunga namna ya kuitikia shikamoo yake. Marahaba fupi? Marahaba ndefu, ya kuvuta?

Tukafika mto Miyombo. Akina mama wako ukingoni na masufuria ya uji. Natalia kasimama kati yao, mwiko mkononi. Mimi nikashika njia ya darajani.

Afande akapiga filimbi. Akasema kikosi, adui amevunja daraja!

Nikalitazama daraja. Zima kabisa. Mbuzi alikuwa anavuka.

Afande akasema vitani madaraja hayasubiri mtu, na kwamba jana jikoni amepewa wazo zuri sana na mwananchi mmoja mzalendo. Tutapita majini, pale kwenye kina cha kifua. Mvua za juzi zilikuwa zimeujaza mto, rangi ya chai ya maziwa. Nikamuuliza Afande kama wazee, yaani watu wa makamo, wapite juu. Akasema wewe si ulivuka mito ya Burma?

Vijana wakaingia. Mchanga ukawatuliza chini, wakatembea kama nanga, kifua ndani ya maji, wakivuka mmoja mmoja. Ikawa zamu yangu. Nikaingia mguu mmoja. Wa pili. Maji yakafika kiunoni.

Hapo mfuko ukaamka.

Sijui nieleze vipi. Ulinishika kwapani kama polisi. Ukaninyanyua. Miguu ikaacha ardhi, ikatokeza mbele yangu, viatu vyote viwili, nikavitazama. Kilo ishirini za mchanga, zilizopimwa kwenye mizani ya ghala, zikaelea juu ya maji kama bata, na mimi katikati yake nimelala chali, na mto ukaanza kunichukua.

Nilipita mbele ya akina mama wa uji. Mmoja akanipungia. Nilipita mbele ya Lupakisyo, ambaye alishuka baiskeli, akavua kofia. Nilimsikia Afande anauliza: yule mtu amebeba nini? Na Lupakisyo akamjibu, kwa sauti ya mtu ambaye amesubiri wiki nzima: amebeba nyani.

Walicheka mpaka nilipofika kwenye mkunjo wa mto. Huko hakuna aliyecheka, kwa sababu mkanda mmoja ulikatika. Mimi ndiye niliyeushona. Mfuko ukageuka, nikawa chini yake badala ya juu, na maji yakaingia puani. Niliita. Sikuita taifa. Nilimwita dada Domina.

Aliyekuja ni Ulimboka. Alikuwa ameshavuka! Alikuwa ng'ambo, mzigo mgongoni, njia ya Ulaya iko wazi mbele yake. Akautupa mfuko wake majini, akaruka, akaogelea mkunjo mzima, akanishika shingo. Akanitoa kwenye matete na kunilaza tumbo chini. Nilitapika maji ya Miyombo na kipande cha muhogo.

Natalia alifika mbio, bado na mwiko. Alikuwa amebadilika rangi. Akasema mjomba, ulisema ukiishika sufi tu unafika! Kisha akaziba mdomo.

Afande akaja. Akauokota mfuko kwa kidole. Kidole kimoja, cha mwisho.

Jumapili, 19 Novemba

Sikwenda misani. Nina maji sikioni.

Nimefikiri sana, na nimegundua jambo ambalo watu kwa kucheka hawakuliona: Ulimboka hakufika Ulaya na mzigo. Mfuko wake uko chini ya Miyombo. Kwa hiyo hakushinda! Sheria ni sheria. Jembe linabaki nje mpaka vita iishe. Nimemtuma mtu akamwambie Lupakisyo hivyo.

Badala ya jibu kaja dada Domina.

Nilimwamkia. Hakuitikia. Dada Domina hajawahi kuacha kuitikia shikamoo tangu azaliwe. Akaketi juu ya godoro la mteja, akasema Toma, nitasema mara moja. Yule kijana alikuwa na njia mbili, akachagua wewe. Kesho anapanda treni. Na sasa hivi naondoka hapa kwenda kwa Mwinshehe, nikawaeleze watu Burma yako ilikuwa wapi.

Nikamwambia dada, hizo ni siri za kijeshi.

Akasema Burma gani hiyo, mtu anarudi nyumbani kila mwisho wa mwezi kula mlenda? Akasema Morogoro si Burma. Akasema kushindilia sufi kwenye mito ya kulalia maofisa ni kazi nzuri ya halali, na hakuelewa kwa nini nimeikana miaka thelathini na nne.

Nilimwomba apunguze sauti. Akapandisha.

Basi baada ya kutafakari kwa kina, na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimefanya uamuzi wangu kwa hiari. Nilitoka nje. Majirani walikuwa wamejaa, sijui nani aliwaita. Nikafukuza kuku. Nikalishika jembe, nikaliinua, nikaliingiza ndani.

Natalia alipiga kigelegele kimoja, kifupi, kikakatika katikati. Akajificha uso begani kwa mama yake. Ulimboka alikuwa amesimama barabarani. Hakusogea. Alikuwa anajifuta macho na kofia ya mgambo, nikajifanya natazama paa.

Jumatatu, 20 Novemba

Steshenini. Watu wengi, ngoma, bendera. Natalia alisimama karibu na dirisha la behewa, mbele za watu wote, mkono wake ndani ya mkono wa Ulimboka, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nilimpa kijana mto wa kulalia, nimeushona alfajiri. Sufi safi, iliyochambuliwa mara mbili. Nikamwambia aendako kuna mito, asiuache mbali. Akasema asante mjomba. Akanishika miguu. Sikutegemea hilo, nikakohoa mpaka treni ikapiga honi.

Lupakisyo alikuwa pembeni yangu. Treni ilipotoweka alibaki anatazama reli, reli ambayo aliikaza bolti kwa mkono wake. Midomo ilikuwa inamcheza. Nikaona si siku ya kushindana. Nikamwambia shikamoo. Nilisema haraka, na filimbi ya treni ilikuwa bado inalia kwa mbali, lakini alisikia. Akasema marahaba, shemeji. Tukaondoka pamoja kwenda kwa Mwinshehe.

Huko nimewaeleza ukweli wa mambo. Kwamba sikuchukuliwa na mto, nilikuwa naonyesha. Kwamba ile ni mbinu ya Burma, na Afande asingepiga kelele ningefika baharini. Kwamba nimeanza kuandika barua kwa wakuu wa jeshi: kila askari apewe mfuko wa sufi, jeshi zima livuke Kagera limelala chali, na mimi niwe mkufunzi. Lupakisyo kauliza mkanda utashonwa na nani. Nimeshaanza kushona mfuko wa mfano, mara mbili ya ule, wa watu wawili. Jumamosi nitaujaribu Mkondoa. Nimemwambia Lupakisyo yeye atakaa mbele.

Jembe liko hapa ndani, limeegemea kitanda. Naliona nikiandika. Katika vyote nilivyobeba mwezi huu, ndilo lililokuwa zito.

Na kwa kuwa daftari hili hatalisoma mtu mpaka nife, niandike na hili. Ule mfuko wa sufi, kilo moja na nusu, kabla hatujafika mtoni niliutua nikapumzika mara tatu.

Nne.